Shuka la Mama Geuza

Kitinda, binti yake wa mwisho, alipopiga simu kusema anakuja Jumamosi, mzee alijua anakuja kukagua. Mtoto hasemi "nakuja kukusalimia tu, Baba" mara tatu katika simu moja ikiwa kweli ni salamu. Kaka yake Kitinda alikwisha kutoa hukumu mwezi uliopita: mtu wa miaka sabini na mmoja haishi peke yake, nyumba ipangishwe, yeye ahamie kwa mmoja wao. Mzee aliomba kitu kimoja, kwamba Kitinda aje kwanza ajionee kwa macho yake. Akikuta nyumba imemshinda, atafunga mizigo bila kelele. Akikuta inakwenda, wamwache.

Kwa hiyo tangu Alhamisi alikuwa akijikagua mwenyewe. Majirani walimwita Fundi Jalada, maana kwa miaka thelathini na minne alijalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji, na mtu aliyezoea kurasa zilizonyooka hapendi kukutwa ovyo. Jikoni palikuwa sawa. Vipande vya sabuni vilikuwa kwenye kopo, vikisubiri kutimia ili viyeyushwe viwe mche mpya. Maji aliyooshea mchele yalikuwa kwenye ndoo, yakingoja kumwagiwa nyanya zake zilizoota kwenye madebe chini ya dirisha. Bafuni, dawa ya meno ilikuwa imekatwa kiunoni kwa mkasi, kwa sababu ikionekana imekwisha huwa bado ina siku nne za kupigia mswaki.

Asidanganyike mtu kwamba alizaliwa na akili hizo. Alipooa alikuwa mfujaji wa kutupwa. Mshahara ukiingia mchana, jioni ana shati jipya, na kesho yake anaazima nauli. Mkewe ndiye aliyemnyoosha, wala hakumnyoosha kwa kugombana. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye cherehani ya mkono, na kila kilichochakaa alikigeuza kabla ya kukitupa, mpaka mtaa mzima ukamwita Mama Geuza. Wengine walimwita mkono wa birika. Naye aliwajibu kwamba birika likiinamishwa kwa kila mpita njia, wenyewe watakunywa nini?

Mwezi wa pili wa ndoa alimfumulia mumewe kola ya shati, akaigeuza upande wa ndani uje nje, akaishona tena. Fundi Jalada alinuna. Alikwenda kazini amekunja shingo kama mwizi wa kuku, akingoja kuchekwa. Msimamizi wake akamsifu mbele ya watu kwa kununua shati jipya. Jioni hakumwambia mkewe, lakini alimpelekea mengine matatu, ameyakunja vizuri.

Tangu siku hiyo na yeye akawa mwanafunzi. Kiwandani aliomba mabaki ya karatasi yaliyokatwa pembeni, akayashona kwa uzi wake wa jalada yakawa madaftari ya watoto, marefu na membamba. Watoto waliona haya kuyapeleka shule. Leo kila mmoja ana lake kabatini na hataki kuulizwa.

Lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa ile ya mashuka. Shuka la kitanda cha wawili huchakaa katikati, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapolala. Likianza kuonyesha mwanga, Mama Geuza alilipasua kati kwa urefu, akazileta pindo mbili za pembeni, ambazo bado zina nguvu, akaziunganisha ziwe katikati. Shuka linapata maisha mengine, ila linabaki na mshono unaopita kati kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mshono wako unanikwaruza mgongo," mumewe alilalamika mara ya kwanza.

"Huo ni mpaka. Kaa kwenu," Mama Geuza akamwambia.

"Na wewe je?"

"Mimi mwenye shuka. Nakaa ninapotaka."

Hakuna aliyeuheshimu mpaka huo. Ushahidi ni kwamba mashuka yao yaliendelea kuchakaa palepale katikati, mwaka baada ya mwaka, na cherehani ikaendelea kufanya kazi.

Miaka mitatu sasa Mama Geuza hayupo. Shuka la mwisho aliloshona ndilo lililokuwa kitandani Jumamosi ile, na ndilo lililomnyima mzee raha. Upande wa ukutani, anakolala yeye, lilikuwa limelika, na chini ya bega kulikuwa na tundu la kupita ngumi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, hilo alilijua. Dawa yake pia aliijua tangu mwaka jana. Alilitazama, akatandika blanketi juu yake, akalivuta mpaka likanyooka.

Kitinda alifika saa nne. Akaamkia, akanywa chai, kisha akaanza kutembea nyumbani huku mikono ameiweka nyuma kama mkaguzi wa afya. Alifunua sufuria. Alicheka alipoiona dawa ya meno. Aliyahesabu madebe ya nyanya, akauliza nani anazimwagilia, akajibiwa ni mchele. Baba yake alimfuata nyuma akijibu kabla hajaulizwa. Kisha Kitinda akaingia chumbani, na kwa mkono mmoja akalifunua blanketi.

Aliingiza kiganja kwenye tundu.

"Baba, hili limechanika."

"Kidogo."

"Siyo kidogo. Unalala juu ya godoro tupu." Alipitisha kiganja upande wa mlangoni, ng'ambo ya mshono. "Na huku ni jipya kabisa. Mbona hukuligeuza? Ungelizungusha tu, kichwani kuje miguuni, huku kukaenda kule. Mama angefanya hivyo kila wiki."

Mzee aliutazama mlango. Aliona kama mizigo yake imekwisha kufungwa, iko pale. Kitinda naye alikuwa akiwaza vilevile, kwamba kumbe baba ameanza kusahau, na kaka alisema kweli. Akaanza kulivua shuka ili alizungushe mwenyewe. Kwenye pembe ya upande wa mlangoni vidole vyake vikagusa fundo la uzi mwekundu, uzi mnene wa kujalidia vitabu, limeshonwa kwa ustadi mahali pasipochoma.

"Hii alama ni ya nini?"

"Ya kufulia," mzee akasema. "Nikilianua kwenye kamba, pande zake zisije zikachanganyika. Upande huo una mwenyewe."

Kitinda aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akainuka haraka alipoona amekalia upande wa mama yake. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Hakuwa amesahau chochote, mzee huyu. Kila wiki kwa miaka mitatu alifua, akaanua, akatafuta fundo jekundu, akatandika vilevile.

Alilichukua shuka akaenda nalo kwenye cherehani ya mama yake. Upande wa miguuni, ile sehemu inayofichwa chini ya godoro, alikata kipande kipana kama kiganja mara mbili. Baba yake alikaa kando, akamtungia uzi.

"Ungeligeuza tu, mwanangu," mzee akasema taratibu. "Nimekubali. Mama yako angenicheka, kufuja nusu nzima ya shuka."

"Najua," Kitinda akasema, na akaendelea kuzungusha mkono wa cherehani. Alitia kiraka kwenye upande wa ukutani, akakipiga mishono miwili kuzunguka. Kisha wakatandika wote wawili, huyu kichwani, yule miguuni, fundo jekundu likarudi mlangoni.

Simu ya kaka ilikuja wakati Kitinda anavaa viatu. Hakutoka nje kuipokea.

"Umeonaje?" kaka akauliza. "Anajiweza?"

"Anajiweza. Haendi popote."

"Una hakika? Hakuna hata kitu kimoja kilichomshinda?"

Kitinda alimtazama baba yake, aliyekuwa ameinama dirishani akizimwagia nyanya maji ya mchele, debe moja baada ya jingine, bila kumwaga tone pembeni.

"Kuna kitu kimoja tu anachofuja humu ndani," akasema. "Hicho mwacheni akifuje."