Majaji Wawili na Kiti cha Mkono wa Kulia

Katika miaka ya tisini nilikuwa mpiga taipu katika mahakama ya juu kuliko zote nchini, ile ambayo ikishasema huna pengine pa kukimbilia. Asubuhi nilitoka nyumbani mtaani Mbotela na sketi yangu iliyopigwa pasi, na vijana wa kwenye ukuta karibu na Jogoo Road wakaniita, "Niaje, siste! Leo mnafunga nani?" Niliwajibu kwamba sisi hatufungi watu ovyo. Sisi! Ungedhani nami nilikuwa na joho. Estate nzima iliamini kwamba nashinda na wazee wenye hekima isiyo na mfano, na mimi sikuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Hebu niwaeleze hao wenye hekima. Mmoja aliletwa kutoka ng'ambo kwa mkataba. Mkataba ukiwa mpya hukumu zake zilikuwa kali, aliikemea hata serikali. Ukikaribia kwisha, ghafla aligundua kwamba serikali ina nia njema sana. Sisi wapiga taipu tulisoma rasimu zake tu, tukajua amebakiwa na muda gani.

Halafu walikuwapo wawili walioapishwa siku moja, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kule ndani kila kitu kilikwenda kwa ukubwa, na ukubwa ulihesabiwa tangu kuapishwa. Mkubwa aliingia kwanza na kuketi katikati, wa pili mkono wake wa kulia, wa tatu kushoto. Hata chai ilimiminwa kwa mpangilio huo. Sasa kati ya hawa wawili, Mnene na Mwembamba kama tulivyowaita wakiwa mbali, nani mkubwa? Mnene aliapa kwanza kwa sababu Mwembamba alikuwa msalani. Mwembamba naye alishikilia kwamba barua yake ya uteuzi ilitiwa sahihi mapema, na kwamba haja ndogo haiwezi kumpunguzia mtu cheo. Waliandikiana barua juu ya jambo hili, zenye vifungu vya sheria na Kilatini cha kutosha, na zote nilizipiga mimi. Kila mmoja alikuwa na mtu wake huko juu serikalini, na kila mmoja alihakikisha mwenzake anajua. Msajili wetu, mtu mwoga, alitatua jambo hili kwa kutowapanga kamwe katika kesi moja.

Kisha msajili akaenda likizo. Naibu wake alikuwa mgeni pale na hakuna aliyemwonya. Akawapanga pamoja, na yule wa ng'ambo katikati, siku ambayo lilikuwapo ombi la shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea, katika nyumba ya baraza la jiji ya vyumba viwili pale Mbotela ambayo mumewe alikuwa ameandikishwa kama mpangaji. Mumewe alipofariki, jamaa mmoja mwenye marafiki katika chama tawala alitokea na barua kwamba nyumba ni yake. Korti ya chini ikampa jamaa haki, wakili wa shangazi akakata rufaa. Aliambulia kitu kimoja: amri ya muda ya kuzuia asitolewe, mpaka siku majaji wetu watakapolisikiliza ombi lake. Siku hiyo ikipita bila wao kuirefusha, amri imekufa. Kazini sikumwambia mtu kwamba huyo mjane ni shangazi yangu. Niliogopa, na pia niliwaamini.

Asubuhi hiyo nilisimama ukumbini nyuma ya korti, mafaili mikononi. Yule wa ng'ambo alikuwa mlangoni tayari. Mwembamba akajipanga nyuma yake. Mnene akaja, akaingiza tumbo katikati yao.

"Samahani, ndugu yangu," akasema Mwembamba. "Hapo ni pangu."

"La, ndugu yangu. Wewe ni wa nyuma."

Kule wanaitana ndugu. Walisimama pale, wanaume wawili wenye wajukuu, wakisukumana kwa mabega yaliyofunikwa majoho. Yule wa ng'ambo aliangalia saa ya ukutani, akaangalia viatu vyake. Neno lake moja lingetosha, lakini mkataba wake ulikuwa unaishia, na hakujua ni mtu wa yupi kati ya hao wawili huko juu angeulizwa kama urefushwe. Mwisho Mwembamba akarudi chumbani kwake na kufunga mlango. Mnene akaona aibu kubaki, naye akaenda.

Karani wa korti akatoka kutangaza kwamba mahakama haitaketi, kesi zote zingojee tarehe nyingine. Wakili wa shangazi alisimama kuomba amri irefushwe. Aliviomba viti vitatu vitupu.

Shangazi alikuwa nyuma kabisa, katika nguo zake za kanisani. Hakuelewa ila neno kuahirishwa, akadhani ni kule kutolewa kwake. Aliponiona mlangoni alinishika mikono yote miwili. "Asante, mwanangu," akaninong'oneza. "Nilijua utaongea na wazee wako."

Kesho yake saa nne asubuhi vitu vyake vilikuwa nje, kitanda, cherehani, picha ya harusi, na wale vijana wa ukutani wakisaidia kuvipanga visikanyagwe. Hakuna aliyeniuliza tunafunga nani.

Ombi lilikuja kusikilizwa baada ya miezi kadhaa, mbele ya majaji walewale. Sijui walivyopatanishwa juu ya kiti. Uamuzi niliupiga taipu mwenyewe. Mwombaji ameshatolewa ndani ya nyumba, waliandika, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kuzuia. Ombi limepitwa na matukio. Mnene akaandika kwamba anakubali. Mwembamba akaandika kwamba naye anakubali kabisa. Nilikuwa sijawahi kuwaona wakikubaliana hata juu ya hali ya hewa.

Nilimpelekea shangazi nakala mtaani Umoja, kwenye chumba cha kuongezea alichopanga nyuma ya duka la mtu. Ilikuwa kwa Kiingereza, nikamfasiria. Alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja vizuri na kuitia ndani ya Biblia.

"Hebu niambie ukweli," akasema. "Siku ile ya kwanza hawakuketi kwa nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Bado nilikuwa nikila mshahara wao, na zaidi ya hapo niliona aibu, aibu yao, niliyoibeba mimi kwa kuwa wao hawakuwa nayo.

"Mmoja aliugua, shangazi. Ghafla tu."

Akashtuka. "Maskini! Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwanung'unikia."

Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi, alisimama katikati ya kanisa akamwombea jaji huyo afya na maisha marefu, na watu wote wakaitikia amina. Nami nikaitikia.