Mshale wa Chini

Kipanya cha kompyuta kilipokufa dukani kwangu Nyabiyonza, nilijigamba kwamba fundi hasa hakihitaji. Mama Koku akaja na mumewe niwajazie fomu ya bima ya afya mtandaoni. Nikawa naruka kisanduku hadi kisanduku kwa kitufe cha Tab, kwa mbwembwe, macho yakiwa kwao. Kwenye hali ya ndoa ya Mama Koku nikachagua “ameolewa”, kisha nikabonyeza mshale wa chini ili ukurasa ushuke. Nikaendelea, nikatuma, nikachapa.

Mzee akaisoma karatasi taratibu. “Mjane,” akatamka.

Kumbe mshale ulishusha jibu, si ukurasa!

“Shikamoo, mzee,” nikasema kwa aibu, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

Akamgeukia mkewe. “Mwambie kwamba marehemu haitikii salamu.”