Kibati cha Disketi

Juzi tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu Mama, binti yangu aliokota disketi nyeusi na kuanza kusukuma kile kibati chake, tak, tak. Nilikumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Mama alikuwa karani wa ofisi moja hapa Eldoret. Alasiri ile alinikalisha kando ya kompyuta, chumba kikinuka wino wa printa na vumbi lililopata joto. "Usiguse hiyo disketi," aliniambia. "Historia yote ya Babu iko hapo, na kesho tunamzika." Kisha akatoka kutafuta karatasi.

Nilisukuma kibati kidogo tu. Ndani niliona plastiki laini ya kahawia, sawa kabisa na filamu ya kamera, na jua la dirishani likaimulika. Nikaganda. Mjomba aliwahi kufungua kamera filamu ikiwa ndani, na picha zote za harusi ya shangazi zikaungua. Sasa mimi nilikuwa nimemuunguza Babu. Nilifunga mapazia, nikaificha disketi ndani ya sweta, nikaingia chini ya meza.

"Mbona giza hivi?" Mama aliuliza aliporudi. Nilimpa tu disketi. Aliitia kwenye mashine, ikakoroma muda mrefu, mimi nikiomba kimoyomoyo. Hatimaye jina la Babu likatokea kwenye skrini.

Leo najua mwanga hauidhuru disketi. Lakini juzi, kabla binti yangu hajauliza kitu, nilikuwa nimeshamnyang'anya na kuifunika kwa viganja vyote viwili.