Muhogo Usiolala Majini

Domitille alikuwa na miaka kumi na tisa, na Nyakabere nzima ilijua kwamba anasoma kemia. Wasijue vipi? Mama yake, Honorine, alilitangaza mpaka soko la Sange, mji ambako binti alitembea kila asubuhi kwenda shule, darasa la sita la sekondari, akijiandaa kwa mtihani wa dola, ule wa kumaliza shule. Maabara shule yenyewe haina, hata chupa moja. Mwalimu huchora chupa ubaoni, na moto chini yake, wanafunzi wakanakili. Basi huyo ndiye mkemia wetu!

Mwezi wa tatu, watu wenye bunduki wakakaa kwenye kijito ambako wanawake huloweka muhogo mchungu siku nne. Nani angethubutu kwenda? Maji ya nyumbani hayakutosha hata kunywa, na njaa ilikuwa imeshaingia.

"Mama, tuchemshe tu," Domitille akasema. "Sumu yake inachemka kwa digrii ishirini na sita. Moto ukiwaka, inaruka yote."

"Tangu zamani unalala mu maji, mwanangu."

"Zamani hawakusoma kemia."

Jeuri iliyoje! Mama akacheka kwa fahari, akabandika sufuria. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa la Domitille.

Délice, mdogo wake wa miaka sita, alimaliza sahani nzima; wakubwa walikula kidogo tu ili yeye ashibe. Kabla ya jua kuzama alikuwa anatapika na kuhema. Pikipiki iliwafikisha kituo cha afya akiwa hana pumzi tena. Honorine akaketi sakafuni, amemkumbatia. Muuguzi akamvuta Domitille pembeni, akamwuliza muhogo ulilala majini siku ngapi.

"Hata moja. Tulichemsha."

"Sumu imefungwa ndani ya muhogo, dada. Kuloweka ndiko kunaifungua polepole, ikatoka. Mukichemsha mbio, inabaki palepale, munaikula."

Domitille alitamani afe yeye. Mama, pale sakafuni, hakusikia neno. Kwa watu Domitille alisema ni malaria.

Kesho yake kilio kilijaa watu. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wamebandika sufuria kubwa ya muhogo ya kulisha waombolezaji. Mmoja wao akasita.

"Mama Domitille, huu haukulala mu maji."

"Pakua tu," Honorine akajibu, sauti imekauka kwa kulia. "Domitille alitufundisha. Binti yangu iko anasoma kemia."

Domitille angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini watoto wa jirani walikuwa wameshakaa na sahani mkononi. Domitille akaishika sufuria kwa mikono mitupu, ikamuunguza, akaimwaga chini.

"Musikule! Délice hakuuawa na malaria. Ni huu muhogo. Ni miye, Mama. Miye ndiye nilisema tuchemshe."

Honorine alimtazama bintiye, kisha akatazama muhogo uliotapakaa mavumbini.

"Délice alisema ni chungu," akasema. "Alikataa kula. Miye nikamulazimisha."