Kabla Hujauza Safari za Watu

Ashukuriwe Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa na meno machache na kumbukumbu nyingi. Ndaga fijo, Bwana, asante sana.

Mwanangu, umeniuliza kama uache kufundisha pale Busale uwe wakala wa safari, uwakatie watu tiketi na kuwatafutia nyumba za wageni kwa simu. Sitakujibu upesi. Ipo siku moja naikumbuka kama juzi, acha nianzie hapo.

Nilikuwa kijana, nimechoka kuinama kwenye majaruba ya mpunga. Akatokea bwana mmoja mwenye viatu visafi, na masika ya Kyela unayajua. Viatu vile tu vilitosha kunitia shaka. Akaniambia nikae Kasumulu, mpakani, niwakatie tiketi waendao Malawi. Jembe sitaligusa tena, akasema, kazi yangu ni mdomo tu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Nikamlipa kiingilio alichotaka, nikapewa meza.

Wiki ya pili akaja mama mmoja wa Talatala, muuza mchele, tuliyekuwa tukisali naye. Dada yake aliolewa ng'ambo, mbali kupita Karonga, na habari zilikuja kwamba ni mgonjwa sana. Akauliza kama basi letu linafika huko siku hiyohiyo. Nikamwambia linafika, tena mapema. Mwanangu, daraja la Songwe, la kuvukia Malawi, nilikuwa sijalivuka hata mara moja. Nilisema nilivyoambiwa niseme.

Basi liliishia Karonga. Mama yule alilala stendi siku mbili juu ya kitenge chake akisubiri usafiri mwingine, na alipofika alikuta dada amezikwa jana yake. Wewe ni wa huku, unajua kwetu kukosa kumzika ndugu ni jambo gani.

Aliporudi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisimama mbele ya meza yangu, matope yamemkaukia miguuni, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kule uliwahi kufika?"

"Hapana, mama."

"Basi ulikuwa unanipeleka wapi?"

Niliinuka, nikaiacha meza. Nilimtafuta yule bwana, nikamkuta sokoni akiwaeleza vijana wengine watatu habari za kazi ya mdomo. Kisa changu alikisikiliza nusu, kisha akaniuliza kama nina rafiki anayetafuta kazi. Ndipo nikaelewa kwamba abiria walikuwa kisingizio. Mavuno yake yalikuwa sisi.

Nikaachana naye. Nikapanda basi mwenyewe mpaka mwisho wa njia, nikaona linaishia wapi, mwanamke aweza kulala wapi salama, siku gani hakuna gari kabisa. Kisha nikakata tiketi miaka mitatu kwa kujitegemea. Nisilolijua nilisema silijui, na wapo walioniacha wakaenda kwa waongo. Mama yule hakupanda tena kwa tiketi yangu, wala sikumlaumu.

Kwa hiyo kazi yenyewe siichukii. Ninayemshuku ni huyo unayesema alikutumia ujumbe wa kukuita kwenye kazi hiyo. Umesema anataka kiingilio kwanza, na kwamba ukimletea mawakala wenzako utapata zaidi kuliko ukimletea msafiri. Msafiri yuko wapi katika maneno yake? Mimi simwoni.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Shika chaki yako. Likizo ikifika, wachukue wageni wawili watatu uwapeleke Matema, kule ziwani, wewe mwenyewe. Kagua vitanda, jua ni boti ipi ina maboya ya kuvaa, na gari likikwama, upokee wewe lawama. Wageni hao wakirudi nyumbani na kukutumia ndugu zao, njoo tuzungumze habari ya kuacha shule. Wakinyamaza, umepoteza likizo tu. Na mtu akikuuliza njia usiyoijua, mwambie hujui, hata kama ataondoka.

Mungu akubariki wewe usomaye haya. Akupe kazi unayoweza kumweleza jioni katika sala bila kuona haya, na kila asafiriye kwa neno lako afike angali anasubiriwa.