Kobe wa Mwanaisha na Mabibo ya Masika

Kuna watu watasema nilisinzia nikaota. Sikusinzia. Ilikuwa saa sita mchana, jua liko utosini, na mkononi nilikuwa na ufagio. Nakueleza nilichokiona kwa macho yangu haya mawili. Ukitaka kucheka utacheka, lakini nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Wakati ule wa Mwingereza, vita kubwa imekwisha na vitambaa vya marekani vimeanza kuonekana tena madukani, niliolewa Kilwa Kivinje nikitokea kwetu Njinjo. Mume wangu Selemani alikuwa fundi cherehani. Mke wake wa kwanza, Mwanaisha, alikuwa amefariki kwa homa miezi mitano kabla sijafika. Sikuwahi kumwona hata siku moja. Aliacha wawili ndani ya ule ua: binti wa miaka sita, Zuhura, na kobe mkubwa kama sinia aliyemfuga tangu usichana wake. Kobe huyo walimwita Somo.

Nikakuta kobe hali, na mtoto naye hali. Ukimsogezea sahani anaitazama, kisha anasema kwa sauti ndogo, "Somo hajala." Basi, hapo umeshindwa. Ukimlazimisha anatapika; maji ya madafu tu ndiyo yaliyomweka hai. Bwana wa zahanati alimtazama akasema haoni ugonjwa. Maalimu alimsomea, akamvisha hirizi. Wifi yangu Tatu, dada yake Selemani aliyekaa nyumba ya pili, alimchapa mara moja, halafu akakaa chini akalia yeye. Mimi nilipomwogesha yule mtoto nilikuwa naogopa kumsugua, mifupa mitupu.

Majirani walishaanza kunong'ona kwamba mama yake anamwita. Mimi nikasema haendi. Nitafanyaje sikujua, lakini haendi. Selemani aliposafiri kwenda Lindi kutafuta vitambaa, nilimwambia pale mlangoni kwamba akirudi atamkuta anakula. Aliniangalia kwa huruma tu, akaondoka.

Nikaanza na kobe. Kwetu Njinjo tunawajua, ni wezi wakubwa wa kunde. Nikamletea majani machanga ya kunde. Nikamletea matembele, majani ya maboga, tango, papai lililoiva mpaka limepasuka. Nikaomba maua mekundu uani kwa jirani, kwa sababu kobe huvutwa na chakula chenye rangi. Nilijifunza kwamba asubuhi mapema hana haja na chochote, mpaka aote jua gamba lipate moto. Nilijifunza kumwekea chakula juu ya jiwe bapa asije akameza mchanga. Nikamtia kwenye karai la maji, akanywa. Lakini kula? Kichwa ndani, miguu ndani. Siku nane nililala kifudifudi nikimnyooshea jani kwa vidole viwili, wanawake wakinichungulia juu ya ukuta na kucheka. Niliwaacha wacheke.

Siku ya tisa ilikuwa katikati ya masika. Mvua ilikatika alfajiri, jua likachoma mpaka mchanga ukakauka. Nikafunga komeo la mlango wa ua, nikamkalisha Zuhura kwenye mkeka karibu na jiko, nikafagia ua wote. Nilipoinua kichwa, mwanamke amechuchumaa mbele ya kobe.

Hodi sikuisikia. Alikuwa kijana bado, mwembamba, amejifunga kaniki. Nikadhani ni jirani nisiyemjua, maana mgeni mimi, wangapi niliwajua? Nikamsalimu, hakuitikia. Akasema tu, "Halishwi hivyo." Akafungua pindo la kaniki akatoa mabibo, ya manjano na mekundu, yameiva mpaka harufu yake imejaa ua mzima. Niamini. Mabibo, ndani ya masika? Mikorosho ya Kilwa yote haikuwa na hata ua moja.

Alikamua bibo moja, maji yake yakadondoka juu ya jiwe, akasubiri. Kichwa cha Somo kikatoka. Akalimega lile bibo kwa meno, akawa anampa kipande kwa kipande, na kobe ananyoosha shingo yake yenye makunyanzi anakula, maji yakimtiririka kidevuni. Alipomaliza akamwekea mfupa mweupe wa ngisi, ule unaotupwa na bahari ufukweni, naye akaukwangua kwa mdomo, kwaru, kwaru. Mwanamke anamkuna gamba taratibu kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Ndipo upepo ukageuka, nikasikia harufu ya kafuri. Unajua kafuri hupakwa nani baada ya kuoshwa.

Zuhura akasimama. Mtoto ambaye hata kukaa wima ilikuwa kazi, akasimama mwenyewe, anatabasamu. Mwanamke akamnyooshea bibo lililobaki.

"Somo ameshakula. Njoo na wewe ule, mwanangu."

Wewe ungefanya nini? Miguu yangu ilitaka kukimbia. Lakini nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba bibo lile likiingia mdomoni hatutarudishiwa mtoto. Nikatupa ufagio nikamdaka kiunoni. Alinipiga mateke, akaniuma bega. Zile hazikuwa nguvu za mtoto mwenye njaa. Bibo likasogezwa mpaka likanigusa mkono, hapa juu ya kiwiko, baridi kama chuma kilicholala nje. Sikuachia.

Nikasema, "Dada, kobe wako umemlisha, nimeona na nimejifunza. Huyu humlishi tena. Atakula kwangu."

"Anakukataa."

"Akikataa leo nitampa kesho."

"Hata akikutapikia?"

"Ameshanitapikia. Nilifua, nikapika tena."

Alinitazama muda mrefu. Macho hayakupepesa, lakini yalijaa machozi, na hilo nalo nililiona. Kisha akaliweka bibo chini, mbele ya kobe. Akasema polepole, "Uji wa moto haupendi. Upoze, utie tui na chumvi kidogo. Na usimtazame anapokula."

Niliinama kumpangusa Zuhura machozi. Kuinua macho, hayupo. Komeo limefungwa kwa ndani vilevile nilivyolifunga. Na juu ya mchanga niliotoka kuufagia palikuwa na nyayo zangu, na vijinyayo vya Zuhura, na miburuzo ya kobe. Hakuna nyingine.

Nikapika uji. Nikaupoza, nikatia tui, nikatia chumvi. Nikampa kikombe, nikageuka nikatazama ukuta. Nikasikia anameza. Akameza tena. Nililia pale pale bila sauti, nikiogopa akinisikia ataacha.

Jioni nilimweleza wifi Tatu. Akaniuliza kaniki ilikuwaje. Nikamwambia pindo lilichanika likashonwa kwa uzi mwekundu. Akakaa kizingitini. Kisha akaniambia ile ndiyo kaniki aliyokufa nayo Mwanaisha, na yeye Tatu ndiye aliyemvua kwa mikono yake siku ya kumwosha.

Selemani aliporudi kutoka Lindi alimkuta binti yake anakula viazi. Zuhura leo ni bibi wa watu, mnene, na siku ile haikumbuki hata kidogo. Mimi pale nilipoguswa, pana upana wa dole gumba, pamebaki baridi mpaka leo. Nikiwa na homa mwili wote unaungua, pale baridi. Na Somo aliishi miaka mingi, akila mkononi mwangu: kunde, papai, mabibo ya msimu, na mfupa wa ngisi kila nilipoupata. Mara nyingine adhuhuri alikuwa akinyoosha shingo kuelekea penye mlango wa ua, na mimi sina kitu mkononi. Nilikuwa nasema tu, "Tumekula, dada, sote," kisha naendelea na kazi.

Basi wewe unayeingia nyumba aliyoiacha mwingine, usidharau alichokuwa akikilisha. Uliza kinakula nini, saa ngapi, na kwa mkono upi. Na siku ukimwona mgeni adhuhuri ana tunda lisilo la msimu, usimuulize amelitoa wapi. Mshike mtoto kwanza.