Ndoo Ndogo Bombani

Najifunza kunyanyua vyuma peke yangu, na kwa wasiwasi wangu hurudia zoezi moja hadi mikono ichoke. Leo kutu ya chuma imeninukia viganjani kama mshikio wa ndoo ya bati, nikajikuta tena utotoni, kijijini Kitangari, bombani.

Kwetu kila mtoto alioga maji aliyoyafikisha nyumbani mwenyewe, kwa hiyo niliitaka ndoo kubwa kama za dada zangu. Nikainama, nikaivuta kwa mgongo. Haikupita magoti.

Shangazi akanisogezea ndogo.

“Hii ya watoto,” nikanuna.

“Kwani wewe bibi harusi? Chuchumaa. Mgongo wima. Nyanyuka kwa miguu.”

“Shangazi, mpe kikombe tu,” dada mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Nilirudia mpaka ndoo ikatulia kichwani, juu ya kata yangu ya kitenge kilichosokotwa. Njia nzima sikugeuza shingo. Dada zangu waliachia mikono ili watu wawaone, maji yakawa yanawamwagikia mabegani.

Bibi alitupokea mlangoni, akayatazama magauni yao yaliyolowa.

“Nyinyi mmeshaoga,” akawaambia. Kisha akanigeukia. “Haya mama, bafu ni lako.”